Jani jipya likitoka jeupe: namna ya kuipa chuma mimea ya akwariamu

Kabla hujanunua chochote nenda kasimame mbele ya tanki lako, washa taa, angalia jani la juu kabisa kwenye kila mmea, lile dogo lililotoka juzi juzi. Majani makubwa ya chini achana nayo kwanza. Kama hilo dogo ni la kijani kama wenzake basi chuma unacho cha kutosha na hela yako ibaki mfukoni. Ila kama limetoka la manjano, au jeupe kabisa kama karatasi, alafu mishipa yake ndo imebaki ya kijani, yaani unaona kama mtu kachora wavu wa kijani juu ya jani jeupe, hapo mmea wako una njaa ya chuma na haya ninayoandika yanakuhusu.

Naanza na jani jipya kwa sababu hapa ndo watu wengi tunapoteana. Mtu akiona manjano tu anakimbilia chuma, wakati manjano yapo ya aina nyingi. Chuma kikishaingia kwenye jani kinakaa humo humo, mmea hauwezi kukitoa kwenye jani la zamani ukakihamishia kwenye jani changa, kwa hiyo kikipungua kwenye maji anayeumia ni mtoto, wakubwa wanabaki na kijani chao. Naitrojeni ni kinyume chake, mmea ukiikosa unawanyang'anya wazee unawapa watoto, basi yanaanza kugeuka majani ya chini na yanakuwa manjano jani zima. Magnesiamu nayo inaanza chini, ila yenyewe inaacha mishipa ya kijani, ndo maana watu wanaichanganya na chuma: ukiona ule wavu angalia uko juu ya mmea au uko chini. Potasiamu utaona vitundu vidogo kama vya pini kwenye majani ya zamani. Jani jipya likitoka limejikunja na kupinda pinda kabla halijafunguka, mara nyingi hapo ni kalsiamu. Na kama mmea umeununua wiki iliyopita na majani yanalegea na kuyeyuka kama mchicha uliokaa jikoni sana, huo hauna shida ya chuma, mingi huwa inaoteshwa nje ya maji huko inakotoka na saivi inabadilisha majani, iache ipumzike.

Kama una mimea inayoelea, zile Salvinia au Pistia, anza kuiangalia hiyo. Hewa ya kaboni dioksaidi inaipata bure kutoka juu, taa iko karibu, inakua haraka, na chochote kinachokua haraka ndo kinaonyesha njaa mapema kuliko wenzake.

Nikishaona dalili, kitu cha kwanza ninachofanya, na naomba na wewe ukifanye, ni kuchukua uzi mwekundu wa kushonea na kuufunga taratibu kwenye shina chini kidogo ya lile jani jipya. Usikaze, unaweka tu alama. Sababu ni hii: jani lililokwisha kuwa jeupe mara nyingi halirudi vizuri hata umwage chuma chote cha dunia, kinachobadilika ni yale yatakayotoka baada ya hapo. Bila alama, ukiangalia tanki baada ya siku 7 unaona bado manjano yapo, unadhani haifanyi kazi, unaongeza dozi, unaongeza tena. Ukiwa na uzi unaangalia juu ya uzi tu.

Sasa niwaambie kilichonipata mimi, mana ndo kimenifundisha jambo kubwa kuliko yote kwenye hii mada. Tanki langu ni sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Natumia maji ya kisima, na sisi huku pwani chini yetu ni mawe ya matumbawe, maji yanatoka magumu, yaani yana kalsiamu nyingi, na pH yangu (kipimo cha asidi ya maji, 7 ndo katikati) asubuhi inasoma 7.8. Nilikuwa na Hygrophila nzuri sana, inakua kila wiki napunguza, alafu ikaanza kutoa vichwa vyeupe. Nikanunua chupa ya chuma, nikafuata maelekezo, nikaweka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwezi wa pili ukaingia. Vichwa bado vyeupe. Nikawa naona kitu kingine, majani mapana ya Anubias yana kama vumbi la rangi ya chungwa, ukipangusa kwa kidole linatoka, na filta nikiisafisha maji yanatoka ya kahawia kuliko kawaida. Lile vumbi ndo chuma changu. Nilikuwa nalisha changarawe na filta, mimea haipati kitu.

Ukitaka kuona mwenyewe kinachotokea, chota maji ya kisima chenye chuma kingi kwenye ndoo nyeupe. Yanatoka safi kabisa, ukionja unasikia ladha kama umeweka sarafu mdomoni. Yaache mpaka kesho. Asubuhi chini ya ndoo kuna tope la rangi ya kutu na pembeni kuna mstari wa chungwa ambao hautoki kirahisi. Chuma kilikuwa kimeyeyuka chini ardhini ambako hakuna oksijeni, kilipokutana na hewa kikawa kutu, na kutu haiyeyuki, mmea hauwezi kuinywa kwenye maji. Ndivyo inavyokuwa ndani ya akwariamu kila siku. Tanki la samaki lazima liwe na oksijeni, samaki wanapumua, kwa hiyo chuma kikiingia uchi kinageuka kutu haraka, na kadiri pH inavyopanda ndivyo kinavyogeuka haraka zaidi. Na kama maji yana fosfeti nyingi inakikamata pia na kuanguka nacho chini.

Ndo maana chuma cha mimea kinauzwa kikiwa kimeshikwa na molekuli nyingine inayokilinda. Kitaalamu inaitwa keleti, neno limetoka kwenye Kigiriki, maana yake gando la kaa, na ukishawahi kushikwa na gando la kaa unaelewa kwa nini wakachagua jina hilo. Gando linashika chuma, oksijeni haikipati, kinabaki kimeyeyuka kwenye maji mpaka mmea ukichukue.

Ila magando hayalingani nguvu, na hili ndo nililokuwa silijui. EDTA ndo ya kawaida, iko kwenye mbolea nyingi, na inashika vizuri mpaka pH kama 6.5, juu ya hapo inaanza kuachia, kwenye maji magumu yenye kalsiamu nyingi inakiacha chuma inakwenda kushika kalsiamu. Hiyo ndo ilikuwa kwenye chupa yangu. DTPA inavumilia mpaka 7.5 hivi, na ukipita kidogo bado inafaa kama unaweka kidogo kidogo mara kwa mara. EDDHA ndo ngumu kuliko zote, inashika hata pH ikivuka 9, ila inageuza maji kuwa ya waridi, ukizidisha yanakuwa mekundu kama juisi ya rosella, haiwadhuru samaki kwa dozi ndogo lakini wengine hawapendi kuliona. Alafu kuna glukonati, hii ndo iko kwenye chupa ya Flourish Iron ya kampuni ya Seachem kwa mfano, yenyewe gando lake ni dhaifu makusudi, chuma kiko tayari tayari mmea unakichukua kwa urahisi, ila hakikai muda mrefu, kwa hiyo inataka kuwekwa kila siku au kwa kuruka siku moja, ukiweka mara moja kwa wiki umetupa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimo cha pH, kiwe cha karatasi au cha matone, cha matone ni bora. Pima asubuhi kabla hujawasha taa na upime tena jioni, usishangae namba zikitofautiana, mimea ikifanya kazi inakula kaboni dioksaidi na pH inapanda, ikilala inashuka. Chini ya 6.5 au unatumia mtungi wa CO2 (hiyo hiyo kaboni dioksaidi), EDTA inakutosha na ndo bei rahisi. Kati ya hapo na 7.8 hivi chukua DTPA. Juu ya 8, usihangaike, chukua EDDHA. Hii ya mwisho inawahusu sana wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, mana maji ya lile ziwa pH yake iko juu, karibu 9, na ukitaka kuwapa samaki wake maji ya kwao lazima na wewe upandishe. Watu wanasema huko mimea haiwezekani. Inawezekana, Vallisneria inaota ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe, inataka tu chuma cha aina yake na udongo mzuri miguuni.

Kupata: chupa za akwariamu zipo kwenye maduka ya samaki na mitandaoni ila ni ghali kwa kiasi cha chuma unachopata. Mimi nanunua unga kwenye maduka ya pembejeo za kilimo, wanawauzia wakulima wa maua, nyanya na wale wa kilimo cha maji bila udongo. Soma pakiti, iandikwe jina la gando na asilimia ya chuma. EDTA mara nyingi ni 13%, DTPA 11%, EDDHA 6%. Kama pakiti imeandikwa chuma tu bila kusema kimeshikwa na nini, rudisha. Kama ni mchanganyiko wa madini madogo mengi, angalia kiasi cha shaba, alama yake ni Cu, mana kamba wadogo na konokono hawavumilii shaba nyingi, tanki lenye kamba bora ununue chuma peke yake.

Kuchanganya sasa. Unahitaji mizani inayopima gramu, ile ya jikoni ya betri inatosha kama inaonyesha pointi moja, chupa ya ml 500 isiyopitisha mwanga, na bomba la sindano la ml 10 kutoka duka la dawa bila sindano yenyewe. Weka maji ya kunywa ya chupa ml 500 au maji ya mvua safi yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya betri usiguse, wengine wanauza ya kuongezea na wengine wanauza asidi kwa jina hilo hilo, ukikosea umeua tanki. Pima gramu 5 za DTPA ya 11%, mimina, funika, tikisa mpaka unga uishe, itakuwa na rangi ya kahawia ya dhahabu kama chai ya rangi. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe, inasaidia isiote ukungu na inaweka chupa kwenye upande wa asidi ambako gando linashika vizuri.

Hesabu yake ni nyepesi, ikariri kwa sababu itakusaidia na unga wowote: gramu mara asilimia mara 10, unapata miligramu za chuma. Gramu 5 mara 11 mara 10 ni miligramu 550. Gawanya kwa ml 500 za maji, kila ml moja ina miligramu 1.1 za chuma. Ukitumia EDDHA ya 6% gramu 5 zile zile zinakupa miligramu 300, yaani 0.6 kwa kila ml, kwa hiyo dozi yake itakuwa karibu mara mbili. Unaona kwa nini ukikopi dozi ya mtu bila kuuliza unga wake ni asilimia ngapi unapotea.

Alafu lita za tanki lako. Urefu mara upana mara kimo cha maji, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Langu kwenye karatasi ni lita 144, ila changarawe inakula nafasi, mawe yanakula, na juu sijazi mpaka ukingoni, maji halisi ni kama lita 120. Tumia maji halisi, sio namba ya dukani.

Lengo ni miligramu 0.05 kwa kila lita, mara tatu kwa wiki. Mimi: 120 mara 0.05 ni miligramu 6, gawanya kwa 1.1 napata ml 5 na nusu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, asubuhi kabla taa haijawaka. Asubuhi kwa sababu mbili, pH iko chini kabisa muda huo, na mwanga unavunja magando ya EDTA na DTPA, kwa hiyo unaipa mimea nafasi ya kuanza siku na chuma kipya. Kama tanki lako halina CO2, taa ni ndogo na mimea ni ile ya taratibu kama Anubias na Java fern, mara moja kwa wiki inatosha kabisa na usije ukaongeza, mmea unaokua jani moja kwa mwezi unahitaji chuma cha jani moja. Kama una taa kali na CO2 na unapunguza majani kila wiki unaweza ukapanda taratibu mpaka miligramu 0.1 kwa dozi.

Namimina karibu na mdomo wa filta ambako maji yanatoka kwa nguvu, yanasambaa haraka. Usimimine sehemu moja iliyotulia juu ya mmea.

Mbolea yenye fosfeti usiweke siku moja na chuma na kamwe usizichanganye kwenye chupa moja, vitashikana na utaona ukungu mweupe unaanguka chini ya chupa, hapo umepoteza vyote viwili. Mimi chuma Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, hizo nyingine Jumanne na Alhamisi, Jumamosi nabadilisha maji nusu tanki, Jumapili sigusi. Pia kama kwenye filta una mkaa wa kusafishia maji, utoe, unaweza kukamata chuma chako kabla ya mimea.

Kubadilisha maji nusu kila wiki kuna faida ambayo wengi hawaielewi na mimi naipenda sana. Ukiweka jumla ya miligramu 0.15 kwa lita kila wiki, na kila wiki ukatoa nusu ya maji, hata kama mimea isile hata chembe moja kiasi hakiwezi kuvuka mara mbili ya dozi ya wiki, yaani 0.3. Ukibadilisha robo tu kinaweza kujikusanya mpaka mara nne, 0.6. Kwa hiyo anayebadilisha maji vizuri anakuwa na breki hata akikosea kidogo. Asiyebadilisha maji hana.

Vipimo vya chuma vya dukani vipo na ukiwa navyo sio vibaya, ila usiviabudu. Vingi vinasoma chuma kilicho huru haraka na kile kilichoshikwa na gando kinachukua muda kujitokeza kwenye rangi, ukisoma baada ya dakika 5 unaona sifuri wakati kipo. Mi naamini jani kuliko kipimo.

Mara ya kwanza nilipobadilisha kwenda DTPA nilifunga uzi Jumatatu asubuhi. Siku ya 4 hamna kitu. Siku ya 7 nilikaa karibu na kioo mpaka pua inagusa, nikaona katikati ya kichwa cha Hygrophila vijani viwili vidogo kama mbegu ya mpunga, bado havijafunguka, vina rangi ya kijani kibichi. Sio manjano. Siku ya 11 vilikuwa vimefunguka, juu ya uzi kijani, chini ya uzi ule weupe wa zamani, mstari unaonekana kabisa kama mtu kakata kwa mkasi. Nilimwita mke wangu aje aone. Hapo ndo nikaelewa miezi miwili yote shida haikuwa kiasi, ilikuwa aina.

Na wewe jipe siku 14. Kama hakuna badiliko juu ya uzi baada ya hapo, usipandishe dozi kwanza, angalia upya kama ni chuma kweli au ni kitu kingine, na angalia pH na gando lako.

Kuna mimea ambayo chuma cha kwenye maji haitaki sana, inapenda kula kwa mizizi. Cryptocoryne, Echinodorus, Vallisneria na yungiyungi. Hawa wape chakula udongoni, na hapa sisi tuna utajiri, udongo mwekundu tunaoukanyaga kila siku wekundu wake ni chuma. Kutu ile ile niliyosema haiyeyuki kwenye maji, ukiizika chini ya changarawe ambako oksijeni haifiki inarudi kuwa chuma kinachoyeyuka, na mzizi uko pale pale unasubiri. Chimba udongo wa mfinyanzi mwekundu kutoka chini, sio wa juu, na sio wa shambani wanakopiga dawa. Uloweke, toa mizizi na mawe, finyanga vidonge vya ukubwa wa gololi, anika juani siku tatu mpaka vikauke kabisa. Kisha sukuma kidonge kimoja kwa kidole mpaka chini kabisa ya changarawe, kama sentimita 5 kutoka kwenye shina, polepole. Echinodorus mkubwa mpe vidonge viwili kila baada ya miezi mitatu minne. Ukishakizika usikifukue, mana ukiung'oa mmea siku hiyo tanki zima litakuwa rangi ya mto wa masika.

Mambo ambayo naomba msifanye. Vidonge vya kuongeza damu, vile wanavyopewa wajawazito kliniki, nimeona watu wanavisaga na kutia kwenye tanki. Ni chuma kweli, lakini mara nyingi ni salfeti isiyo na gando, ndani ya saa chache imekuwa kutu, na ile sukari na rangi ya nje inalisha bakteria maji yanakuwa meupe kama ya mchele. Vidonge hivyo ni vya mama na mtoto, viacheni huko. Misumari yenye kutu pia, kutu yake haiyeyuki kwenye maji yenye oksijeni, imekaa tu, na huo msumari hujui umepakwa nini kiwandani.

Lingine ni hili la mimea myekundu. Mtu ananunua Rotala au Ludwigia nyekundu, ikifika kwake inakuwa ya kijani, anamwaga chuma ili irudi nyekundu. Chuma kinasaidia mmea kutengeneza klorofili, ambayo ni kijani. Wekundu unatoka kwenye rangi nyingine kabisa na unaletwa zaidi na mwanga mkali, wakati mwingine na naitreti ikishuka. Mmea mwekundu wenye njaa ya chuma ukiupa utapata afya na rangi itapendeza, hiyo ni kweli, ila mmea ulioshiba chuma ukiuongezea haugeuki. Ongeza taa.

Kuzidisha kuna madhara ya kweli. Chuma kikiwa kingi kinaweza kuganda kwenye matamvua ya samaki, utaona wanapanda juu wanahema kwa haraka, na kwenye mimea kinazuia manganizi isiingie, na upungufu wa manganizi unafanana sana na upungufu wa chuma, mtu anaona majani mapya manjano anaongeza chuma zaidi, anazidi kujichimbia. Ukiona samaki wanahema juu baada ya dozi, usisubiri, toa nusu ya maji weka mapya yaliyotolewa klorini, ongeza hewa, simamisha chuma wiki nzima. Kuhusu mwani, chuma peke yake hakileti mwani, lakini tanki lenye taa ya saa 12 na mimea michache ukilitia chuma unaulisha mwani kwa sababu hakuna mwingine wa kula. Taa saa 7 mpaka 8 kwa siku, mimea mingi, ndo uanze kuweka chuma.

Chupa yako iweke kabatini, gizani, mbali na joto. Ile ya kwanza niliiweka dirishani kwenye chupa ya kung'aa na jua la saa tisa linaipiga, kwa hiyo hata kile kidogo ambacho EDTA ingeweza kushika nilikuwa nakiua mwenyewe kabla hakijafika kwenye maji. Mchanganyiko tumia ndani ya miezi miwili, ukiona umefanya tope chini au unanuka, mwaga utengeneze mwingine, gramu 5 za unga sio hela nyingi. Na andika kwa herufi kubwa kwamba ni sumu, weka juu ambako mtoto hafiki, chuma kingi kikinywewa na mtoto mdogo kinaweza kumuua, hili sio la kuchukulia kirahisi hata kidogo.

Vichwa vikisharudi kijani vyote, kata vile vipande vya chini vyenye majani meupe, panda vichwa upya kwenye changarawe, shusha dozi kwa theluthi moja na ukae hapo wiki tatu. Kama bado yanatoka kijani shusha tena kidogo. Tafuta kiasi kidogo kabisa ambacho jani jipya bado linatoka zuri, kiandike kwenye karatasi ubandike kwenye kabati la tanki. Changu kwa sasa ni ml 4, mara tatu kwa wiki. Na vile vipande ulivyokata usivitupe mtoni wala kwenye mfereji wa mvua, tupa kwenye mboji au anika vikauke kabisa, magugu maji yameshatutesa vya kutosha Ziwa Victoria.